Jinsi ya Kutafuta Habari za Askari wa Mizinga Asiyerudi Vitani

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri



Halmashauri imeniagiza nieleze kwa utaratibu jinsi jamaa yetu ilivyopata habari za mzee wetu aliyekwenda katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, asionekane tena. Imeniagiza hivyo kwa sababu wanachama wengi wamekuwa wakiuliza njia ya kufuata, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake. Wala si ajabu. Katika vita vile vya mwaka 1939 hata 1945, karibu watu laki moja waliandikwa jeshini kutoka Kenya peke yake, na ni nadra kukuta ukoo usiokuwa na mtu aliyevaa kofia ya askari. Wengi walirudi wakatusimulia habari za Uhabeshi na Bama. Mimi nataka kusema juu ya wale ambao hapakurudi mtu wa kuwasimulia.

Mzee ninayemtaja ni ndugu mkubwa wa babu yangu mzaa baba, na kwa desturi yetu yeye naye ni babu yangu. Aliandikwa jeshini akiwa na mke na mtoto mmoja wa kiume. Alikuja likizo mara moja, mwaka 1943, wakati wa njaa, na baada ya likizo ile alizaliwa binti ambaye hakupata kumwona. Tangu hapo habari zake zikakatika. Fedha alizokuwa akimkatia mkewe katika mshahara zikakoma. Mkewe wakati huo alikuwa amekwenda kukaa kwa wazazi wake kwa ajili ya ile njaa, mbali na boma la mumewe, na kama kulikuwa na barua iliyotumwa, haikumfikia mkononi.

Wazee wangu, penye kimya maneno ya watu hujaa. Wako waliosema kwamba amelowea Bara Hindi, ameoa huko, amesahau kwao. Wako waliosema kwamba alitoroka jeshini. Nyanya yetu alikaa mpaka kufa kwake akiwa si mke wa mtu wala si mjane. Hakufanyiwa matanga ya mumewe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumlilia mtu ambaye labda yu hai. Mwanawe alikua akiitwa mtoto wa mtoro. Na miaka ya 1970 mashamba yalipopimwa na kuandikishwa, palitokea watu waliouliza kama mtu aliyekikimbia kitovu chake ana haki ya fungu katika ardhi ya baba yake. Mwanawe alipewa fungu, lakini alipewa kama mtu anayefanyiwa hisani, na si kama mrithi. Nalitaja jambo hili ili ijulikane ya kwamba kutafuta habari za wafu si kazi ya kupoteza wakati. Jina jema la mtu ni mali ya watoto wake, na likipotea wao ndio wanaolipa.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kwamba utafutaji huanza nyumbani, na wala hauanzi katika ofisi yo yote. Sisi tulikuwa na vitu vitatu tu. Cha kwanza kilikuwa karatasi moja iliyochakaa, ambayo nyanya alikuwa akiionyesha ili kupokea fedha za mumewe. Ilikuwa na jina, na namba yake ya jeshini, na herufi tatu za mkato: E.A.A. Cha pili kilikuwa picha. Cha tatu, ambacho ndicho kilichotufaa kuliko vyote, kilikuwa kumbukumbu ya dada yake, aliyekuwa msichana wa miaka kumi hivi wakati ule.

Bibi huyo hakujua mwezi wala mwaka. Lakini alikumbuka mambo mawili. Alikumbuka kwamba ndugu yake, alipokuwa likizo, alijisifu kwamba yeye hapigi bunduki bali anapiga mzinga. Tena alikumbuka ya kwamba mtu wa kijiji chetu aliyefanya kazi Mombasa alikuja na salamu zake, kwamba wako Kilindini na watapanda meli siku hizi hizi. Alipoulizwa ilikuwa lini, alisema: "Tulikuwa twang'oa kunde, na njaa ilikuwa ndiyo kwanza inatuachia." Mzee ye yote wa kwetu ajua kunde za mvua za vuli hung'olewa wakati gani. Njaa ile ilikuwa ya mwaka 1943. Basi kwa kunde hizo tulijua ya kwamba meli iliondoka mapema katika mwaka 1944, yapata mwezi wa pili. Ndugu zangu, msiwadharau wazee kwa kuwa hawataji tarehe. Wanazo tarehe zao, nazo ni za kuaminika. Shida ni kwamba vijana hatujui kuzisoma.

Jambo la pili ni kujua mtu wako alikuwa katika jeshi gani. Jamaa wengi wakisikia kwamba babu alikuwa askari, hutafuta jina lake katika Keya tu, na wasipolikuta hukata tamaa. Lakini askari wetu hawakuwa wote katika Keya. Wengine walikuwa madereva, wengine wauguzi, wengine mafundi wa madaraja, wengine watu wa simu za upepo, na wengine walikuwa katika jeshi la mizinga la Afrika ya Mashariki, lililoitwa kwa Kiingereza East African Artillery. Herufi zile tatu, E.A.A., ndizo jina la jeshi hilo.

Jeshi la mizinga liliundwa kwa mtindo wa mizinga ya Uingereza. Maofisa walikuwa Waingereza, na askari walikuwa watu wetu wa nchi hizi. Kwa kawaida rejimenti moja ya mizinga ya uwanjani ya Uingereza ilikuwa na mizinga 24, imegawanywa katika vikosi vitatu vya mizinga minane minane. Mzinga uliotumika sana katika rejimenti za namna hiyo uliitwa kwa uzito wa kombora lake, ratili 25, nao ulitumikiwa na watu 6, kila mmoja na kazi yake. Haikuwa kazi ya nguvu tu. Mtu wa mizinga humpiga adui asiyemwona kwa macho, kwa hesabu ya mbali na ya pembe, kwa amri inayokuja kwa simu. Kosa dogo la hesabu laweza kuwaua wenzake walio mbele. Kwa hiyo walitakiwa watu wenye kushika mafunzo upesi na wenye utulivu. Tena yawapasa kujua kwamba askari wa kawaida katika mizinga huandikwa "Gunner", na mwenye cheo cha koplo huitwa bombadia. Mkiona maneno hayo katika karatasi za nyumbani, basi mjue mtu wenu alikuwa wa mizinga.

Tulipokwisha pata jeshi, na namba, na wakati wa kuondoka Kilindini, mlango ulifunguka. Nitawaeleza kwa ufupi yaliyotokea, kwa kuwa ni msiba mkubwa mno, na ni wachache miongoni mwetu wanaoujua.

Mapema katika Februari 1944 msafara wa meli uliondoka bandari ya Kilindini kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa kinaitwa Sri Lanka. Meli moja katika msafara huo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa maofisa na askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Uwanjani ya Afrika ya Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, na wauguzi wa kike, na wanawake wengine wa kazi za jeshi. Rejimenti hiyo ilikuwa inakwenda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye mwaka ule ule ilipigana Bama katika bonde la Kabaw, hata ikafika mto Chindwin.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, baada ya adhuhuri, msafara ulipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, iliyoitwa I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na wengi waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilifika kuiwinda ile ya adui. Hapo palikuwa na jambo zito la kuamua, kwa sababu adui alikuwa amejificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea watu walionusurika. Mabomu ya kulipukia chini ya maji yalitupwa, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea walikufa kwa mabomu hayo. Mwisho ile I-27 ilizamishwa siku ile ile. Waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Watu 1,297 walikufa.

Tukiihesabu idadi hii kwa mizani ya kwetu, ni kama vijiji kadha kuondokewa na vijana wao wote kwa dakika mbili. Lakini kwa kuwa watu hao walitoka wilaya mbalimbali za Kenya na nchi jirani, kila nyumba ililia peke yake, au haikulia kabisa, kwa kutokujua. Ndiyo sababu msiba huu haukupata wimbo wala jina katika vijiji vyetu.

Jambo la tatu ni jina lenyewe. Iko Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kazi yake ni kutunza makaburi na majina ya waliokufa katika vita viwili vikuu. Daftari yake yaweza kusomwa bure na mtu ye yote mwenye simu ya kisasa, naye kijana wa shule aweza kuwasaidia wazee. Tulimtafuta babu kwa jina tulilolijua sisi, asionekane. Ndipo tukakumbuka ya kwamba karani aliyeandika majina alisikia kwa sikio lake, wala si kwa sikio letu. Mutua aweza kuandikwa Mtua. Mwangi aweza kuwa Muangi. Herufi R hugeuka L, na jina la ubatizo huachwa, au jina la baba huwekwa mahali pa jina la mwana. Kwa hiyo tuliacha jina, tukatafuta kwa namba ile ya karatasi ya nyanya. Namba haina lafudhi. Ikatoka mara moja, na mbele yake jina la babu lenye herufi moja mbaya, na jeshi lake, na tarehe: 12 Februari 1944.

Daftari iliandika pia mahali ambapo jina lake limechorwa. Liko Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong. Humo mna ukumbusho uitwao Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, wenye majina ya askari ambao makaburi yao hayajulikani, na pamoja nao waliozama katika Khedive Ismail. Jamaa zetu wamepita katika barabara ile miaka na miaka, wakienda kazini na sokoni, na jina la babu likiwa ndani pale, hatua chache kutoka mahali wanapopanda basi.

Kwa wanachama ambao watu wao walifia Bama bila kujulikana kaburi, naongeza ya kwamba majina ya wengi wao yako katika Ukumbusho wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, ambako yamechorwa majina karibu 27,000 ya askari wa nchi nyingi.

Jambo la nne ni nyaraka. Mwenye kutaka kuendelea zaidi anazo nyumba mbili za kubisha hodi. Ya kwanza ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, hapa Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1965 na iliyo Moi Avenue, Nairobi. Humo mna ripoti za kila mwaka za maofisa wa wilaya, na barua nyingi za nyakati zile juu ya kuandikisha askari na juu ya hali ya raia. Nyumba ya pili iko Kew, karibu na London, ambako Waingereza wameweka nyaraka za Serikali yao. Humo mna vitabu vya habari za kila siku vya vikosi vya jeshi. Vya vikosi vilivyokuwa chini ya majeshi ya Mashariki ya Kati, pamoja na Afrika ya Mashariki, vimewekwa chini ya alama WO 169. Vya waliopigana upande wa Bama vimewekwa chini ya WO 172. Yafaa mjue mapema ya kwamba vitabu hivyo husimulia habari za kikosi, na ni nadra kumtaja askari mmoja kwa jina. Vitawaambia mzee wenu alikuwa wapi tarehe fulani, na kama mvua ilinyesha, na kama walipiga mizinga. Havitawaambia alikuwa na moyo gani. Hilo watawaambia wazee wa nyumbani.

Kuna tahadhari tatu. Kwanza, nakilini namba ya jeshini kama ilivyo, herufi na tarakimu zote, msiache hata nukta. Pili, msitegemee medali peke yake, kwa maana medali nyingi za vita vya pili zilitolewa bila jina la mwenyewe, na medali huweza kuuzwa na kununuliwa. Tatu, jihadharini na mtu atakayekuja kwenu akidai fedha nyingi ili awapatie malipo ya zamani ya askari. Kulitafuta jina ni bure. Kwanza someni wenyewe.

Labda mmoja wenu atauliza: imefaa nini, maadamu mtu amekwisha kufa miaka mingi? Nitajibu kwa yaliyotendeka. Tulipopata karatasi hizo, wazee wa ukoo waliitwa wakakutana. Zilisomwa kwa sauti, tarehe na idadi ya watu na jina la meli. Kisha mzee mkubwa wa ukoo alimwita mwana wa marehemu, ambaye naye sasa ni mzee wa miaka zaidi ya themanini, akamsimamisha mbele ya watu akasema: "Baba yako hakutoroka. Baba yako alikufa akiwa mahali alipowekwa." Hakuna aliyesema neno. Mzee yule alivua kofia yake akaishika kifuani. Siku ya pili tulikwenda kwenye kaburi la nyanya, na binti yake, yule ambaye hakumwona baba yake, akamwambia mamaye kwa lugha ya kwetu ya kwamba mumewe hakumwacha. Matanga yakafanywa ya siku mbili, kwa ajili ya mtu ambaye kaburi lake ni bahari. Ardhi haikugawanywa upya, wala hapakuwa na haja. Lakini fungu lile sasa latajwa kwa jina la mwenyewe, na wajukuu zake hukaa barazani bila kuinamisha kichwa.

Bwana Mwenyekiti, kabla sijaketi naomba chama chetu kikubali mambo matatu. La kwanza, ifunguliwe daftari moja ya chama, ambamo kila mwanachama ataandika jina la mtu wake aliyekwenda vitani, na namba yake kama inajulikana, na mahali alipotoka, na maneno ya mwisho yaliyosikiwa kutoka kwake. La pili, vijana wetu wawili au watatu wenye mwandiko mzuri watumwe kwa wazee waliokuwa watoto wakati ule, wakae nao bila haraka, waandike wanayoyakumbuka, hata yawe ni habari za kunde na mvua. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kila anayezikwa huzikwa na daftari nzima. La tatu, mwaka ujao, mwezi wa Februari, wanachama wenye nafasi waende pamoja kwenye makaburi ya barabara ya Ngong, wayasome majina kwa sauti, na kwa matamshi yetu, si kwa matamshi ya karani.

Ukoo usiojua wafu wake wako wapi hauwezi kujua vema walio hai wanastahili nini. Wazee wetu walitufundisha kuhesabu ng'ombe jioni, na aliyekosekana kutafutwa usiku ule ule. Watu wetu hawa hawakutafutwa usiku ule. Na tuwatafute sasa.

Niko tayari kumsaidia mwanachama ye yote atakayeleta kwangu jina au namba.